Kijana Anapoomba Burse: Namna ya Kumsaidia Kutengeneza Dosieri Yenye Nguvu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali, ule unaoitwa Exetat, yakiisha kutangazwa, vijana wa Baraka na wa milima ya Fizi huanza kubisha mlango wa parokia. Wamefaulu, wamemwagiwa unga mweupe kichwani kama ilivyo desturi, wazazi wameimba. Siku chache baadaye furaha inapungua, maana swali lingine limekuja: feza za chuo kikuu zitatoka wapi? Hapo kijana anasikia kwamba kuna burse, yaani msaada wa kulipia masomo. Anamwendea katekista wa mtaa wake, au mseminari aliye likizoni, au padri, na kusema: «Tafadhali, uniandikie barua.»

Neno hilo ni dogo, lakini kazi iliyo nyuma yake ni kubwa. Katika makala hii twataka kueleza burse ni nini, milango yake ni ipi, makaratasi gani yatakiwa, kijana aandike nini, nasi tuandike nini juu yake. Twawaandikia ninyi, ndugu wapenzi, kwa sababu mara nyingi ninyi ndio watu wa kwanza anaoweza kuwauliza, na pengine ndio wa pekee. Na tangu mwanzo tuseme lile litakalorudi mpaka mwisho: dosieri yenye nguvu ni ile iliyoanzwa mapema, yenye kuonyesha mambo yaliyotendeka, na yenye kusema kweli.

1. Burse si sadaka

Watu wengi hufikiri kwamba burse ni sadaka: masikini analia, tajiri anamhurumia, anatoa feza. Kama ingekuwa hivyo, kila kijana wa Fizi angepata, maana umasikini hatukukosa. Lakini burse ni agano. Mwenye kutoa anasema: «Mimi natoa feza za karo, za vitabu na za chakula, wewe utasoma, utafaulu kila mwaka, utamaliza, utafanya kazi yenye faida.» Basi anapochagua, hamtafuti mwenye kulia sana; anamtafuta mwenye kutimiza agano. Umasikini waweza kuwa sharti la kuingia mlangoni, lakini haumchagui mtu kati ya masikini wenzake mia moja.

Sisi watu wa kando ya Tanganyika tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi. Stefano Kaoze, mwana wa ziwa hili hili letu, alisoma katika seminari ndogo ya Mpala, akapewa upadri tarehe 21 Julai 1917 kule Baudouinville, mahali tunapopaita leo Kirungu ya Moba. Ndiye padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Nani alilipa masomo yake? Misioni. Wakati ule seminari ndiyo iliyokuwa kama burse ya pekee kwa mtoto Mkongo mwenye kutaka masomo marefu: alipewa chakula, vitabu na walimu, naye alidaiwa bidii na uaminifu kwa miaka mingi.

Kwa walei mlango ulichelewa kufunguliwa. Thomas Kanza alipoingia chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, mwaka 1952, alikuwa mlei Mkongo wa kwanza kukubaliwa huko. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilianza mwaka 1954. Ndiyo sababu siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika thelathini, na hali mapadri wenyeji walihesabika kwa mamia. Tofauti hii haikutoka katika akili ya watu. Ilitokana na kwamba wengine walikuwa na mtu wa kuwalipia na wa kuwafuata mpaka mwisho, wengine hawakuwa naye. Leo mlipaji anaweza kuwa mbali sana, lakini mtu wa kumfuata kijana ni lazima awe karibu.

Je, wenye kutoa burse huchagua namna gani? Tufikiri chekeche la unga. Kwanza mtu anashika orodha ya masharti mkononi, anapitia dosieri moja moja. Karatasi moja ikikosekana, au siku ya mwisho ikiisha kupita, dosieri inawekwa kando, na barua nzuri iliyo ndani haisomwi na mtu. Pili wanatazama alama za shule. Tatu wanasoma barua. Mwisho wanawaita wachache kwa mazungumzo. Angalieni vizuri: wengi wanaanguka katika chekeche la kwanza, pale ambapo akili bado haijapimwa. Kijana wa namna hiyo hakushindwa na wenzake. Alishindwa na karatasi.

2. Kila mlango una ufunguo wake

Kosa la pili la vijana ni kutuma dosieri ile ile kila mahali. Burse si moja. Tutaje milango michache, ili katekista ajue kumwelekeza mtu.

Kwa mwenye kumaliza sekondari na kupata alama za juu kabisa katika mtihani wa Serikali, kuna programu ya Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi. Hapo alama ndizo zinazosema kwanza. Mwenye kupata 55 kwa mia asipoteze siku zake huko.

Kwa mwenye akili nyingi aliye tayari ndani ya chuo kikuu cha Kongo, kuna BEBUC, iliyoanzishwa na mwalimu wa kemia Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na mwenzake Virima Mudogo wa Kinshasa. Burse hii humsaidia mwanafunzi kusoma hapa hapa Kongo, na humfuata kwa kutazama matokeo yake. Tulitaje neno hili kwa nguvu, maana vijana wengi hufikiri kwamba burse maana yake ni ndege na Ulaya. Mtu anaweza kusoma kwa burse akiwa Bukavu, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki kipo tangu mwaka 1989, au Kinshasa, au Lubumbashi.

Kwa wakimbizi kuna DAFI, burse inayolipwa hasa na Serikali ya Ujerumani na kushikwa na UNHCR tangu mwaka 1992. Inatutazama sisi kwa pande mbili. Katika eneo letu la Fizi kuna Warundi wa kambi ya Lusenda na wa Mulongwe. Na ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, kuna ndugu zetu wengi waliotoka Fizi na Uvira. Masharti yake ni wazi: mwombaji awe mkimbizi aliyeandikishwa, awe amemaliza sekondari kwa alama nzuri, asiwe na burse nyingine, na kwa kawaida asipite miaka 28 anapoanza masomo.

Kwa mwenye digrii ya kwanza na aliyeisha kufanya kazi, kuna burse za ARES, za vyuo vya Ubelgiji vyenye kusema Kifaransa. Hizi zinatakiwa kwa masomo na mafunzo yaliyochaguliwa na wao, zinadai miaka miwili ya kazi, na mwombaji asiwe amepita umri uliowekwa. Kijana aliyepata diploma ya Serikali mwezi uliopita hana nafasi huko. Bali mwalimu, muuguzi au mtu wa kilimo anayefanya kazi Baraka anaweza kujaribu.

Kwa padri njia ni nyingine. Yeye haombi kwa jina lake peke yake: Askofu wake ndiye anayemtuma, kwa kazi ambayo jimbo linaihitaji. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wale wanaopelekwa Roma, katika shule zilizotokana na Chuo cha Urbano kilichoanzishwa na Papa Urbano VIII mwaka 1627. Lakini mambo tutakayosema juu ya makaratasi na juu ya barua yanamhusu padri pia.

Kanuni ni hii: kabla ya kuandika neno moja, soma masharti mpaka mwisho, uyanakili kwa mkono katika daftari, na mbele ya kila sharti uandike «ninalo» au «sinalo».

3. Makaratasi yapatane

Mwenye kusoma dosieri huko mbali hamjui kijana. Anajua makaratasi tu. Makaratasi yakisema mambo mawili, yeye atafikiri kwamba kuna watu wawili, au kwamba kuna mwongo mmoja.

Tuanze na jina. Kwetu Kongo mtu ana jina, jina la pili na jina la ubatizo. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika Wilondja. Karani wa sekondari aliandika Wilonja. Buletini moja inasema M'munga, nyingine Mmunga. Katika diploma jina la ubatizo limetangulia, katika kadi limekuja mwisho. Sisi twacheka, maana twajua kwamba ni mtu mmoja. Karani wa Brussels hachekí. Anaweka dosieri kando. Basi jina litengenezwe wakati kijana yuko shuleni bado, hasa kabla ya kuandikishwa kwa mtihani wa Serikali, maana lile linaloandikwa pale ndilo litakaloonekana katika diploma, na kulisahihisha baadaye ni safari ndefu yenye gharama.

Pili, kuzaliwa. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe kwa karani wa Serikali katika siku 90. Twajua wote namna mambo yalivyo katika vijiji vya milimani: wengi hawakuandikishwa kamwe. Tena vita vya miaka 1996 mpaka 2003 vilichoma makaratasi pamoja na nyumba. Dawa ipo: korti yenye mamlaka inaweza kutoa hukumu inayoshika mahali pa maandikisho yaliyokosekana, ile inayoitwa kwa Kifaransa «jugement supplétif», na kwa hukumu hiyo karani wa Serikali anaandika hati ya kuzaliwa. Kazi hii hudai siku na feza. Haifai kuianza wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya burse.

Hapa parokia ina hazina ambayo wengi hawaifikiri: kitabu cha ubatizo. Pengine ndicho kitabu cha pekee cha zamani chenye siku ya kuzaliwa ya kijana na majina ya wazazi wake. Hati ya ubatizo haishiki mahali pa hati ya Serikali, lakini yaweza kuisaidia korti kujua kweli. Kwa hiyo mwenye kunakili kitabu hicho anakili kama kilivyoandikwa, herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe. Ikiwa kuna kosa, aandike pembeni kwamba kuna kosa. Asilisahihishe kwa kichwa chake mwenyewe.

Tatu, alama. Burse nyingi hutaka buletini za miaka ya mwisho ya sekondari, si diploma peke yake. Kijana asiyetunza buletini zake atalazimika kuziomba tena shuleni, na pengine prefe amehama, au daftari za shule zimepotea. Mwambieni mzazi: buletini si karatasi ya kufungia karanga.

Nne, nakala. Mwezi wa Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa Desemba 2025 vita vikafika Uvira. Mambo kama haya yatufundisha kutoweka karatasi mahali pamoja. Karatasi ya asili ikae nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, mahali ambapo mama anaweza kuuchukua akikimbia. Nakala iliyothibitishwa ikae parokiani. Picha safi ya kila karatasi, iliyopigwa mchana mahali penye mwanga, pembe zote nne zikionekana, itumwe kwa imeli ya kijana mwenyewe, ili aipate hata akiwa Kigoma au Kalemie. Na imeli hiyo iwe na jina lake halisi, lisiwe jina la mchezaji wa mpira au la utani. Neno la siri aliandike katika daftari: simu huibwa, huanguka ziwani, na pamoja nayo huanguka burse.

4. Barua ya kijana

Sasa tufikiri barua. Vijana wetu wengi huandika hivi:

«Mimi ni mtoto wa familia masikini sana. Tangu utoto wangu nimependa udaktari ili niwasaidie watu wa nchi yangu wanaoteswa na vita. Nawapigia magoti, mnihurumie, Mungu atawalipa.»

Hakuna uongo ndani ya barua hii. Lakini mfanye majaribio: ondoeni jina la kijana, mtie jina la mwingine. Barua inabaki sawasawa. Basi si barua yake. Ni barua ya watu wote, na mwenye kuisoma ameisha kuisoma mara mia mbili siku ile ile.

Tutazame mfano mwingine, tulioutunga kwa kufundisha:

«Kwetu Baraka watu wengi huchota maji ya ziwa. Wakati wa kipindupindu niliwekwa pwani pamoja na vijana wenzangu, kutia klori katika ndoo za wachotaji. Kila siku niliandika hesabu ya ndoo. Niliona kwamba siku za soko hesabu ilipungua: watu walikuwa na haraka, walitukwepa. Tukaanza kufika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya wauzaji, na hesabu ikapanda tena. Hapo nilifahamu kwamba dawa peke yake haitoshi. Yafaa kujua pia desturi za watu. Kwa sababu hii naomba kusoma afya ya umma.»

Kwa nini barua hii ina nguvu? Kwanza, ina mahali. Pili, ina tendo ambalo kijana alilitenda mwenyewe. Tatu, ina hesabu iliyoandikwa. Nne, inaonyesha akili ikifanya kazi: aliona jambo, akauliza sababu, akabadili njia. Tano, masomo anayoyaomba yametoka katika tendo lile kama tunda katika mti. Hakusema popote kwamba ana akili wala kwamba anawapenda watu. Msomaji ameyaona mwenyewe.

Pengine mtu atasema: «Lakini kijana wangu hakufanya kazi ya kipindupindu.» Vema, asiiandike. Aandike la kwake. Mmoja alifundisha wadogo zake hesabu chini ya mwembe wakati shule ilipofungwa. Mwingine alivua ndagala pamoja na baba yake, akaona kwamba mavuno hupungua miezi fulani, akataka kujua sababu. Kijana huyu aweza kusema kwamba anataka kusoma habari za maji na samaki, na kwamba hapa hapa Uvira kuna kituo cha kuchunguza ziwa, ambako masomo yake yatakuwa na kazi. Mwingine alishika feza za chama cha akina mama wa soko. Hakuna kijana asiyetenda kitu. Kuna vijana wengi wasioulizwa. Basi kazi ya kwanza ya katekista au mseminari si kumwandikia barua, bali ni kukaa naye saa moja na kumwuliza: «Ulifanya nini? Lini? Pamoja na nani? Ilishindwa wapi? Ukafanya nini kisha?» Majibu hayo ndiyo barua. Ninyi mtasahihisha Kifaransa chake, lakini mwacheni aseme kwa sauti yake. Barua ya kijana wa miaka 19 ikisema kama waraka wa Askofu, kila mtu atajua kwamba si yake.

Na vita je? Viandikwe, lakini kwa maneno machache na kwa kazi yake. Kijana aliyekimbia, akapoteza mwaka wa shule, lazima aeleze mwaka ule uliokosekana, la sivyo utaonekana kama uvivu. Mistari miwili yatosha: tulikimbia mwezi fulani, nilirudi shuleni mwezi fulani, nikapata alama hizi. Lakini machozi ya ukoo wake yasigeuzwe kuwa bidhaa ya kuuza. Aliyekufa hakufa ili dosieri ipendeze. Kijana anayelazimishwa kueleza kifo cha wazazi wake kwa watu asiowajua, ili tu awahurumishe, anaumizwa mara ya pili.

5. Barua yetu sisi

Burse karibu zote hutaka barua za watu wanaomjua mwombaji: mwalimu, prefe, padri. Hapa twasema bila kuficha: barua nyingi zinazotoka parokiani hazimsaidii mtu. «Ni Mkristu mwema, mtiifu, wa familia masikini, tafadhali mumsaidie.» Muhuri, sahihi, basi. Mwenye kuisoma atafikiri kwamba padri hamjui kijana, au kwamba hana la kusema.

Barua yenye nguvu hujibu maswali manne. Unamjua tangu lini, na katika kazi gani? Ulimwona akitenda nini? Akipimwa na wenzake, yuko wapi? Na udhaifu wake ni upi? Hili la mwisho huwaogopesha watu, lakini ndilo linalofanya yale mengine yasadikiwe. Tazameni mfano:

«Ninamjua tangu miaka minne. Kwa miaka miwili alishika daftari la feza la vijana wa parokia. Nililikagua kila miezi mitatu. Nilikuta kosa mara moja, naye ndiye aliyekuja kunionyesha. Kati ya vijana thelathini wa chama, ndiye niliyemkabidhi ufunguo. Kifaransa chake cha kusema bado ni kizito. Cha kuandika ni kizuri. Katika mwaka wake wa tano alikosa wiki sita za masomo kwa sababu ya vita; mwisho wa mwaka alipata 64 kwa mia.»

Barua hii ni fupi, lakini haiwezi kupewa mtu mwingine. Na ikiwa padri hamjui kijana vya kutosha, aseme hivyo, amwambie amwendee mwalimu au katekista anayemjua. Barua ya katekista mwenye kumjua mtu yapita barua ya padri mkubwa asiyemjua.

Sasa twafika mahali pagumu. Kijana anakuja na kusema: «Padri, nina miaka 30, burse inataka 28. Punguza miaka mitatu katika hati ya ubatizo.» Au mzazi anasema: «Andika kwamba mtoto wetu ni mkimbizi wa Lusenda.» Au prefe anaombwa kupandisha alama. Wenye kuomba hivyo si watu wabaya. Ni watu waliochelewa shule kwa sababu ya vita, na wanaona mlango ukifungwa kwa kosa lisilo lao. Moyo wa padri unauma. Afanye nini?

Akatae. Kwanza kwa sababu ya amri ya nane, ambayo hatuwezi kuwafundisha watoto siku ya Jumamosi na kuivunja kwa muhuri siku ya Jumatatu. Pili kwa sababu ya haki: nafasi za burse zinahesabiwa. Anayeingia kwa jina la mkimbizi asiye mkimbizi anamtoa binti Mrundi wa Lusenda, aliyesoma ndani ya hema na ambaye hana mlango mwingine. Binti huyo hatujui jina lake, naye hatajua kamwe nani alimnyang'anya. Tatu kwa sababu uongo huu haudumu. UNHCR hutunza alama za vidole. Vyuo huandikia shule na kuuliza. Karatasi za miaka tofauti huwekwa pamoja juu ya meza moja. Njia ya mwongo ni fupi. Na uongo ukigunduliwa, haumwangushi kijana peke yake: muhuri wa parokia ile hautasadikiwa tena, na atakayelipa ni kijana wa mwaka ujao aliyesema kweli.

Lakini padri asikatae na kufunga mlango. Akatae, kisha akae na kijana na kutafuta njia ya kweli. Aandike katika barua kwa nini alichelewa. Wako wenye kutoa burse wanaopokea maelezo kama hayo. Sharti la miaka likiwa halivunjiki, watafute burse nyingine, au chuo cha karibu, au kazi ya miaka miwili itakayomfungulia mlango wa baadaye. Tusiwadanganye vijana: mara nyingine kweli ina gharama, na gharama hiyo huonekana upesi kuliko faida yake.

6. Siku ya mazungumzo

Mwenye kupita machekeche matatu ataitwa kwa mazungumzo, ana kwa ana au kwa simu. Hapo wataulizwa mambo matatu karibu kila mara: wewe ni nani, kwa nini masomo haya, na utafanya nini ukiisha kumaliza. Mfanye mazoezi parokiani. Wawili au watatu wakae upande mmoja wa meza, kijana upande wa pili, mseminari ashike saa. Ajifunze kujibu kwa dakika mbili, kumtazama mtu usoni kwa heshima, na kusema «sijui» pale asipojua. Kwetu kijana mwenye adabu huinamisha macho na kusema kwa sauti ndogo mbele ya wakubwa. Mwelezeni kwamba wageni hawa wanaweza kudhani ni woga au ni hila. Haachi adabu yake, anaongeza nyingine.

7. Tujihadhari na wauza burse

Palipo na njaa ya masomo hufika pia wadanganyifu. Wanatuma ujumbe kwa simu: «Umechaguliwa kwenda Canada, tuma dola hamsini za dosieri.» Kanuni ni nyepesi: burse hutoa feza, haiombi feza. Gharama za kweli zipo, kama za korti au za paspoti, lakini hulipwa mahali pa Serikali na mtu hupewa risiti. Mwenye kudai feza ili «asukume jina» ni mwizi, hata akivaa tai. DAFI haiuzwi, wala fomu yake haiuzwi. Hili lisemwe katika matangazo baada ya Misa, mbele ya watu wote, kabla mzazi hajauza mbuzi wake.

8. Tuanze lini?

Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nasi wa Baraka tungepaswa kulishika neno hilo kwanza. Dosieri haitengenezwi baada ya matokeo. Inaanza miaka miwili kabla ya mtihani. Mwaka wa kwanza wa hiyo miwili: jina na hati ya kuzaliwa, buletini zikusanywe, daftari la matendo lianzwe. Mwaka wa pili: nakala, imeli, mazoezi ya Kifaransa cha kuandika, barua ya kwanza ya kujaribu. Baada ya mtihani: masharti ya burse, barua za wakubwa, kutuma. Na kutuma kufanyike wiki moja kabla ya siku ya mwisho, kwa maana siku ya mwisho mtandao hulala na betri ya sola huisha.

Katika kila parokia mseminari mmoja wa likizo, pamoja na mwalimu mmoja na katekista mmoja, wanaweza kuwakusanya vijana wa miaka ya mwisho ya sekondari kwa siku tatu tu. Haidai jengo wala mfadhili. Yadai meza, kalamu na uvumilivu. Na wasichana waitwe kwa majina, mlango kwa mlango, kwa maana tangazo la jumla kwa kawaida huwaleta kaka zao.

Wengine watatuma dosieri nzuri na hawatapata. Nafasi ni chache, na hili halitegemei sisi. Lakini kijana aliyetengeneza dosieri ya kweli hakupoteza kitu: ana hati ya kuzaliwa, ana makaratasi yaliyopatana, anajua kueleza aliyoyatenda na anayotaka kutenda. Kwa hayo ataomba kazi, ataomba tena mwakani, ataandikisha watoto wake kwa wakati. Basi, ndugu zetu, kijana akija kusema «uniandikie barua,» tusikimbilie muhuri. Tumpe kiti kwanza, tumwulize alifanya nini.